Siku Tatu za Gari Iliyotetemeka

Hapana, sikuificha. Niliikalia. Kuficha ni kazi ya mwizi: anafukia mchangani, anasukuma chini ya godoro, halafu anaapa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mkeka wangu, ndani ya boma yangu, na spana ikawa chini yangu. Kama yule fundi angekuja akasema, "Mama, umekalia spana yangu?" wallahi ningesema ndiyo. Hakuuliza. Aliuliza mchanga, aliuliza mbuzi, akainua macho akauliza mpaka Mungu. Mimi aliniuliza kama chai iko.

Sasa mmeanza kunitazama na jicho la askari wa kizuizi. Tulieni. Nitasema yote, na nikisema kwa sauti ya mtu mwingine msikasirike kwa niaba yake.

Nilikuwa na ngamia jike. Mama yake alikufa ule ukame mbaya, na ndugu zake wote, tukabaki yeye na mimi. Nilimlea na maziwa ya mbuzi kwa chupa ya soda, akawa ananifuata mpaka mlango wa choo, anasimama hapo nje anahema kama mtu anangoja zamu. Akakua, akazaa, akaanza kunipa maziwa ya kuuza hapa mjini. Kumkama ilikuwa lazima nimwimbie, na si kuimba kwa haraka. Ukiimba na akili yako iko kwingine anajua, anapandisha maziwa juu huko, unavuta mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwa hiyo mimi nikisema ngamia sisemi mnyama. Nasema yule aliyebaki.

Mbona basi nikampeana? Magoti, na mwanangu. Magoti yalianza yenyewe. Mwanangu alianzia Eastleigh, alikaa huko miaka akarudi na simu kubwa na kiswahili ambacho hata yeye nadhani hakielewi.

"Hooyo," aliniambia, "hii maisha ya kufuata ngamia porini imeisha. Tushike ndai. Nipige teksi hapa tao, wewe unakaa mbele kama mdosi."

"Mdosi ni nini?"

"Ni mtu hafanyi kazi, anakaa tu, wengine wanamfanyia."

"Basi mdosi tunaye hapa nyumbani tayari."

Hakucheka. Lakini alisema kila siku, asubuhi na jioni, na magoti nayo yalisema kila siku, na mtu mzee akisemeshwa na watu watatu upande mmoja anachoka. Nikasema haya, tutafute gari.

Alhamisi tukaenda soko la mifugo. Msicheke. Gari tulilipata soko la mifugo, kwa sababu mwenye gari alikuwa anatafuta ngamia. Alikuwa mzee wa ndevu nyekundu, hina imekolea vizuri, na mkongojo ambao hauhitaji. Gari yake ilikuwa nyeupe, ile ya mgongo mrefu. Alikuja karibu, akazungumza taratibu kama mtu anauza dawa ya macho.

"Walaalo, ndugu zangu, hii gari ni binti ya watu. Bole bole, haina makelele. Nimeitoa Lafey mbaka hapa, haijawahi kunilaza njiani hata siku moja."

Mimi pia nasema bole bole badala ya polepole, wajukuu wananiambia. Lakini nikisema mimi haisikiki. Kwa huyo mzee ilisikika sana.

Dalali wa soko alikuwa shahidi. Dalali huyu ni mnene, ana sauti kama mtu aliyemeza spika ya msikiti. Mnajua mambo yetu ya bei: dalali anatupa shuka juu ya mikono yenu, mnashikana vidole huko chini, bei inakwenda na kurudi bila mtu mwingine kujua. Siku hiyo bei haikuwepo. Ilikuwa kitu kwa kitu, ngamia hapa, gari pale. Lakini dalali alitupa shuka hata hivyo kwa sababu mkono wake umezoea. Basi tukakaa chini ya shuka, yeye ameshika kidole changu, ameshika kidole cha yule mzee, na hakuna mtu anajua anafinya nini.

Halafu akazunguka gari kama anavyozunguka ngamia. Akaipiga kofi matako. Akainama akatazama miguu. Akaniambia nifungue mdomo, yaani boneti, akachungulia ndani muda mrefu, akasema, "Meno iko." Baadaye akasimama katikati akatangaza:

"Siku tatu! Kama desturi. Leo haihesabiwi. Ijumaa, Jumamosi, Jumabili. Mtu akiona kasoro kwa mali ya mwenzake, aseme kabla ya alasiri ya Jumabili, na kila mtu arudishe cha mwenzake kama kilivyokuwa. Baada ya hapo, kaa na mali yako, usiniite."

Yule mzee akaitikia, "Kama desturi." Mimi nikaitikia. Ngamia yangu ikavutwa na kamba kwenda upande wao. Iligeuza shingo kunitafuta. Mimi nikajifanya natengeneza ushungi.

Nilijuta kabla hatujafika daraja. Nawaambia ukweli. Gari inakwenda vizuri kabisa, laini, mwanangu anapiga honi kwa watu hata hawajui, na mimi nimekaa mbele kama mdosi nikilia ndani ya ushungi.

Halafu tukafika getini kwetu. Mwanangu akasimamisha gari, injini haijazimwa, akashuka kufungua geti. Na gari ikaanza.

Niseme aje? Ilitetemeka. Si kidogo. Tasbihi niliyoning'iniza kwa kioo ikacheza. Vioo vikalia. Mimi nimebakiza meno machache, na yote yalipata nafasi ya kujuana. Nikadhani ni mimi, nikasema labda ni sukari imepanda. Nikashika mlango, mlango unatetemeka. Nikashuka, nikashika ukuta wa boma, ukuta umetulia. Alhamdulillahi. Mgonjwa si mimi.

Mwanangu alirudi, akaweka gia, ikaenda, ikatulia kabisa. Ndani ya boma akasimama, ikaanza tena. Ikikimbia ni sheikh, ikisimama ni mtu wa malaria.

"Hiyo ni kawaida, hooyo," akasema. "Ni vaibreshen."

"Ni jina la ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Gari zote huwa nayo."

"Hii ndiyo kasoro," nikamwambia, na nadhani nilicheka, kwa sababu alinitazama vibaya. "Jumabili ngamia yangu inarudi."

Hapo ndipo vita vilianza. Mwanangu alitaka gari ipone. Mimi nilitaka ikae mgonjwa mpaka alasiri ya Jumapili. Sisi wawili, nyumba moja, tunakula sahani moja.

Ijumaa asubuhi alimpigia simu mwenye gari, kwa sauti kubwa ili nisikie. Mzee akajibu, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu.

"Leo nina shughuli kidogo. Hiyo ni betroli mbaya tu. Betroli ya jerikeni imechanganywa na mafuta ya taa. Mwaga hiyo, weka ya stesheni. Kesho nakuja mwenyewe. Mama asiwe na wasiwasi! Mwambie asiwe na wasiwasi!"

Mwanangu akamwaga, akaweka ya stesheni. Gari ikatetemeka na petroli safi.

Jumamosi mzee akafika kama alivyosema, na hapo nikaanza kushangaa. Mtu akishakuuzia kitu kibovu huzima simu, hubadilisha njia ya msikiti. Huyu alikuja asubuhi na mapema na kilo mbili za sukari, majani ya chai, na fundi nyuma yake. Akaulizia magoti yangu. Akaulizia mbuzi zangu. Hata binti zangu hawaulizi mbuzi.

"Na ngamia yangu hajambo?" nikauliza.

"Ah," akasema. Akakohoa. "Fundi, anza kazi! Huyu mama asichelewe!"

Fundi alikuwa mtu mzima wa kutoka Mwingi, mtulivu, overoli imeshika grisi mpaka inaweza kusimama peke yake. Anaongea taratibu, anavuta neno mpaka unataka kumsaidia kulimaliza. "Maaama, habari ya hapa. Naomba tu... tuiwashe, tuiache isimame, nisikilize."

Akaiwasha. Gari ikatetemeka. Hakugusa kitu. Alisimama tu na kichwa pembeni, kama mimi nikisikiliza tumbo la mbuzi. Akaenda nyuma akaweka kiganja kwa ekzosi, moshi unapiga mkono: puf, puf, puf, halafu kimya kidogo, puf, puf, puf, kimya. "Inamisi," akasema. "Silinda ziko nne. Tatu zinafanya kazi. Moja imelala."

"Mwanangu pia huwa hivyo," nikasema.

Akafungua boneti. Akatoa waya moja ya juu, gari ikatetemeka zaidi, ikataka kuzima. Akarudisha. "Hii inafanya kazi." Akatoa ya pili, ikalia vilevile. Akarudisha. Akatoa ya tatu.

Hakuna kitu. Gari haikujali. Ilitetemeka palepale ilipokuwa inatetemeka.

"Ndiyo hii," akasema. "Ya tatu. Ukiitoa hata haijui."

Mimi nilipenda hiyo kazi, siwadanganyi. Ni akili nzuri. Nilisahau kwamba nataka gari ikae mgonjwa, nikasogeza mkeka wangu mpaka karibu na gurudumu. Akachukua kile kidude kinachotoa moto cha ile ya tatu akakibadilisha na cha ile ya pili, aone kama ugonjwa utahama. Haukuhama. Ya tatu ikabaki imelala na kidude cha mwenzake. Mzee wa ndevu nyekundu amesimama hapo anasema, "Inshallah, inshallah," kila fundi akigusa kitu, kama mtu yuko hospitali mlango wa upasuaji.

Fundi akatoa plagi ya ile ya tatu. Akanionyesha, maana mimi ndiye nilikuwa karibu. Zile zingine zilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe, kavu, kama mfupa umekaa jua.

"Unaona, maaama? Hii inakula hewa nyingi, petroli kidogo. Hewa inaingia mahali haifai kuingia."

"Na kwa nini ikikimbia haitetemeki?"

Akafikiri. "Ikikimbia inavuta hewa nyingi sana. Ile ya wizi inakuwa kidogo, haionekani. Ikisimama inavuta kidogo tu, hapo ile ya wizi inakuwa nyingi." Akaona uso wangu. "Kama mtu anaongeza maji kwa maziwa. Kikombe kimoja kwa pipa, nani atajua? Kikombe kimoja kwa kikombe, kila mtu atajua."

Sikuwa nimemwambia mimi nauza maziwa. Alinitazama tu na akajua mfano wa kunipa.

Akachukua paipu ndefu ya mpira, akaweka upande mmoja sikioni, na upande mwingine akawa anautembeza kwa injini, polepole, huku gari inatetemeka. Akafika nyuma huko chini, mahali jicho halifiki, akasimama. Akanipa mimi nisikilize. Ssssss. Kama nyoka ndani ya kuni.

"Ni hapo. Kuna nati imelegea au imepotea. Nikikaza, gari imepona." Akaweka vyombo vyake kwenye kona ya mkeka wangu, akachagua moja. "Hii spana niliikunja mwenyewe kwa moto. Huwezi kuipata dukani. Hapo nyuma hakuna spana nyingine inafika."

Mzee wa ndevu nyekundu alisema alhamdulillahi kwa nguvu mpaka mbuzi wakakimbia. Mwanangu akapiga makofi.

Na mimi nikakumbuka. Nikikaza, gari imepona. Gari ikipona, ngamia haina njia ya kurudi. Fundi akaenda kuosha macho, vumbi lilikuwa limemwingia. Spana iko kona ya mkeka. Mimi niko katikati ya mkeka. Nilisogea. Hiyo tu. Mtu mzee akisogea nani ataandika?

Akarudi. Akatafuta. "Maaama, hujaona..." halafu akajijibu mwenyewe, "ah, labda iko kwa gari." Akaingia chini ya gari. Mwanangu akaingia chini ya gari. Yule mzee, na ndevu zake na mkongojo wake, akapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi akachungulia chini ya gari. Wanaume watatu matako juu, na mimi nimekaa na chuma kinanichoma paja. Hakuna anasa bila maumivu kidogo.

"Labda mbuzi amemeza," mwanangu akasema. Mtu amesoma mpaka darasa la nane.

Fundi akajaribu spana zingine. Zote ziligonga chuma kabla ya kufika. Akaenda kwa mafundi wa tuktuk kule stendi, akarudi na tatu, hazikufika. Jioni ikaingia, akaondoka amenuna, akasema atarudi kesho, atakunja nyingine akipata moto. Mzee akamfuata mpaka getini, nasikia anambembeleza, "Kesho mabema, tafadhali, kesho mabema sana." Mimi nikaosha spana, nikaiweka kwa kibuyu... sawa, hapo niliificha. Usiku tu. Asubuhi nikairudisha mkekani na nikarudi kuikalia, hiyo si kuficha.

Jumapili fundi na mzee walirudi asubuhi, moto wa kukunja spana haukupatikana, na adhuhuri dalali akaja. Mtu mnene, jua kali, ametembea. Nikampa maji, nikampa chai ya ile sukari ya mzee. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kikasema kitu. Gari imewashwa, inatetemeka vizuri, mashallah, haijapona hata kidogo. Nikaona ushindi wangu uko karibu kama chakula kinanukia jikoni.

"Dalali," nikasema, "umeona. Kasoro hii hapa. Imesimama mbele yako inatetemeka. Rudisha ngamia yangu."

Akafuta jasho. "Ugonjwa gani?"

"Hujaona? Inatetemeka!"

"Ngamia bia hutetemeka. Akiogoba, akinyeshewa, akiwa mzima. Kutetemeka si kasoro. Kasoro ina jina, na ina umri. Jina yake ni nini, na ilianza lini? Kama ilianza Alhamisi jioni kwako, ni yako. Kama ilianza kabla, ni yake. Na kama hakuna mtu anajua, basi hakuna kasoro, kila mtu akae na mali yake. Alasiri si mbali."

Yule mzee wa ndevu nyekundu aliinua kichwa kama mtu amerudishiwa roho. "Haijulikani!" akasema. "Wallahi haijulikani! Fundi hajui!"

"Najua," fundi akasema bole bole... polepole, kutoka chini ya boneti. "Nati ya nyuma. Lakini sijaiona na macho. Siwezi kusema ni ya lini. Ningekuwa na ile spana yangu..."

Sasa nyinyi mnajua nilivyokuwa. Siku mbili nimekalia ushahidi wangu mwenyewe. Siku mbili nimeufinya na matako ili gari isipone, kumbe kupona kwake ndiko kutanirudishia ngamia. Nikatazama kivuli cha tangi ya maji, kimerefuka. Nikatazama yule mzee, sasa anatabasamu, na fundi, na mwanangu anayekunywa chai yangu.

Nikainuka. Na magoti haya, kuinuka si jambo la siri, watu wote walinitazama. Spana ikabaki katikati ya mkeka, imekunjika, imenichukua umbo.

Fundi aliitazama. Akanitazama. Aliinama akaichukua, ikiwa moto, akasema kwa adabu kabisa, "Aah. Kumbe ilikuwa hapa."

"Spana huwa zinapotea," nikasema. "Haya, harakisha."

Mwanangu alifungua mdomo. Nilimwonyesha kidole kimoja, akaufunga.

Fundi aliingiza mkono mpaka begani. Akafunga macho, akawa anaona na vidole. Akasema nati ziko tano huko nyuma, nne zimelegea, moja haipo kabisa. Akachomoa kioo kidogo cha kunyolea, akakiingiza na tochi, akamwita dalali aone mwenyewe. Dalali akainama, tumbo likagusa taa.

"Tundu ile hapo," fundi akasema. "Unaona udongo? Umejaa ndani, umekauka, umekuwa jiwe. Na chuma yake imeshika kutu. Hii nati haikuanguka Alhamisi. Hii ni miezi. Ni ile barabara ya huko juu, mawe matupu, inatikisa mpaka nati zinajifungua zenyewe."

Akasafisha tundu na msumari, akaweka nati nyingine kutoka mfukoni, akakaza na spana yake iliyokunjwa, moja moja, akizirudia mara mbili. Akamwambia mwanangu, "Washa."

Gari ikawaka. Ikasimama. Tasbihi haikucheza. Nilidhani imezima, nikaenda nikaweka mkono kwa boneti: inafanya kazi, joto tu, inanguruma chini chini kama paka amelala. Dalali akaweka glasi yake ya chai juu ya boneti. Tukatazama chai, sisi wote watano. Chai ilitulia, na nzi mmoja juu yake alitulia.

Nitasema haki, lilikuwa jambo zuri. Hata mimi moyo ulinicheza. Mwanangu alikuwa karibu kulia. Kwa sekunde moja nilisema labda nikae tu na gari, magoti haya yapumzike. Halafu nikakumbuka ile shingo ilivyogeuka sokoni.

"Dalali," nikasema. "Jina umelipata. Umri umeupata."

Mzee wa ndevu nyekundu akaruka. "Lakini imebona! Gari imebona! Nani anarudisha gari nzima?"

"Ukiniuzia ngamia kiwete halafu mimi nimtibu," nikamwambia, "uliniuzia mzima?"

Dalali akasimama. Akavuta shuka lake begani, akasafisha koo, na ile sauti ya spika ikatoka, majirani wote wakasikia.

"Kasoro ilikuwebo. Jina ni nati, umri ni miezi. Mama amesema kabla ya alasiri. Gari irudi kwa mwenyewe, ngamia arudi kwa mwenyewe. Leo, kabla ya magharibi. Nimemaliza."

Wallahi nilicheza. Na magoti haya! Mwanangu akaketi chini akashika kichwa, anasema, "Hooyo, umeniua, hooyo umenimaliza," na mimi nacheza nikimzunguka. Nikakimbia ndani nikachukua konzi ya chumvi, ngamia yangu anapenda chumvi, nikafunga kwa kona ya ushungi.

Nikarudi nikakuta mzee wa ndevu nyekundu amekuja karibu, anaongea chini, hataki wengine wasikie.

"Walaalo. Nitakuba mwingine. Mzuri zaidi. Nitakuba wawili."

"Sitaki wawili. Nataka yule."

"Wawili, na mmoja ana mimba."

"Hata wawe kumi. Hawanijui hao. Yuko wapi?"

"Yuko... yuko malishoni. Mbali kidogo. Ubande wa Masalani."

"Si gari imepona? Twende Masalani." Nikafungua mlango wa mbele, nikaingia, nikakaa kama mdosi, chumvi mapajani. "Washa!" nikamwambia mwanangu. "Kazi ya mwisho ya teksi yako. Mzee, panda nyuma, utuonyeshe njia."

Mzee hakupanda. Alishika mkongojo na mikono miwili, na mara hii aliuhitaji. Dalali akamtazama. "Banda, bwana. Jua linakwenda."

Fundi alikuwa anafuta mikono na kitambaa, anapanga spana zake kwa mfuko, ile iliyokunjwa ameiweka ndani kabisa. Alitazama mzee, akanitazama mimi ndani ya gari, akatazama tena mzee, kama anasikiliza injini inayomisi.

"Mzee," akasema, taratibu vile vile, "Masalani mnaenda kutafuta ngamia gani? Ile ulituambia umebadilisha na gari? Hiyo si tulikula Ijumaa kwa harusi ya binti yako."